Kitabu, Filamu na Rangi za Mwezi wa Masika

Kila mwezi uandamapo, safu hii huyaacha kwa siku moja mambo ya karafuu, maji na barabara, ikawatajia wasomaji wake vitu vitatu: kitabu tulichokisoma, filamu tuliyoitazama, na kifaa cha mchoraji tulichokijaribu kwa mikono yetu wenyewe. Wako ndugu wanaotuuliza kwa nini ukurasa wa tahariri utoe nafasi yake kwa mambo ya starehe, ilhali ofisi zimejaa mafaili ya wananchi wanaongojea majibu. Swali hilo ni la haki, na hatulikwepi. Twauliza nasi: huyo afisa anayeyafungua mafaili hayo asubuhi, jana usiku alisoma nini? Na mtoto wa mwananchi huyo anayengojea majibu, skuli yake inayo karatasi ya kuchorea, au picha aliyoichora ni ile ya mchangani tu, ambayo maji yakijaa huifuta?

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1948, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Barazani hapakuwa na mazungumzo mengine. Watu walibishana juu ya uraia wake, juu ya nani ana haki ya kumwita wake na nani hana. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Waliokuwa wamekishika hata kitabu chake kimoja walikuwa wachache mno. Haifai kuwalaumu kwa haraka. Riwaya zile ziliandikwa kwa Kiingereza na kuchapwa Uingereza, na mtu wa Mkoani au wa Makunduchi angezipatia wapi? Lakini tangu mwaka 2022 udhuru huo umepungua nguvu, maana riwaya yake ya mwaka 1994, iitwayo *Paradise*, imo mikononi mwetu kwa jina la *Peponi*, imefasiriwa na Bibi Ida Hadjivayanis na kuchapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Hicho ndicho kitabu chetu cha mwezi huu.

Kisa chenyewe ni cha mtoto aitwaye Yusuf, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, anayechukuliwa kutoka kwa wazazi wake na tajiri Aziz, mtu mwenye manukato mazuri na maneno ya upole. Mtoto amezoea kumwita ami, na anadhani kwamba anakwenda kutembea. Ni mpaka afike dukani kwa tajiri huyo, karibu na bahari, ndipo kijana mwenzake, Khalil, anapomfahamisha kwamba yule si ami yake hata kidogo. Baba yake anadaiwa, naye amewekwa rehani. Basi! Kuanzia hapo msomaji hana raha tena. Anakwenda pamoja na Yusuf katika misafara ya biashara ya bara, anaziona pembe na nguo zikibadilishwa, anawaona Wadachi wakiingia nchini, na kila penye neno la upole anajiuliza ni deni gani lililofichwa nyuma yake. Mwisho hatutausimulia. Tutasema tu kwamba tuliufikia usiku wa manane, mvua inapiga mabati, na hatukuweza kulala upesi.

Iko sababu ya pili ya kukitaja kitabu hiki kabla ya vingine. Mwandishi aliyaandika kwa Kiingereza maisha ambayo yalisemwa kwa Kiswahili. Wahusika wake walipotaniana, walipoapa na walipoomba dua, msomaji wa huku alikuwa akiyarudisha maneno yao kimoyomoyo katika lugha yao. Mfasiri ameifanya kazi hiyo hadharani. Pako mahali ambapo tungependa lahaja ya mjini isikike zaidi, na pako mahali sentensi inachechemea kidogo kwa kuifuata ile ya asili. Lakini kwa jumla maneno yamerudi kwao kama mtu aliyerudi safari: amebadilika sauti kidogo, na wa nyumbani wamemtambua mlangoni.

Kwa yule atakayekimaliza *Peponi* na kutaka kuendelea na habari ya mali na dhulma ndani ya ukoo, tunamwelekeza kwenye *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976. Ni kisa cha msichana aliyezaliwa na mwenye shamba, na shamba hilohilo likawa chanzo cha mateso yake. Kwa maoni yetu hakuna riwaya ya Kiswahili iliyoandikwa kwa lugha safi kuliko hiyo. Anayebisha aisome kwanza, kisha aje tubishane. Na kwa vijana wanaosema kwamba vitabu vinachosha, tunawapa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Humo yumo Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi asiyekuwa na haraka, anayewaacha watu wote wamshuku mzimu, naye anamtafuta binadamu.

Tungependa ndugu zetu wa maofisini waizingatie habari ya mwandishi huyo. Muhammed Said Abdulla hakuwa mtu wa kukaa kitako akingojea wahyi. Alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya, akikagua usafi na vyakula, kisha akawa mhariri wa magazeti, na kwa miaka kumi, tangu 1958 hadi 1968, alilihariri *Mkulima*, gazeti la mambo ya kilimo. Mtu aliyeshughulika mchana na mbolea na maradhi ya mazao aliweza usiku kumtunga Bwana Msa. Mwenye kutuambia kwamba kazi za ofisi hazimpi nafasi hata ya kusoma, atuwie radhi tukimtazama kwa mashaka.

Sasa tuingie kwenye filamu. Mwezi huu ni *Vuta N'kuvute*, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021 katika tamasha la Toronto, huko Kanada. Imetolewa katika riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, iliyochapishwa mwaka 1999. Mambo yenyewe ni ya Unguja ya miaka ya hamsini, wakati Waingereza wakitawala. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee aliyemzidi mbali kwa umri, anakimbia nyumba ile na kupata hifadhi kwa Mwajuma. Huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma ng'ambo na kurudi na fikra ambazo polisi wa mkoloni hawakuzipenda. Ikhlas Gafur Vora ndiye Yasmin, na Gudrun Columbus Mwanyika ndiye Denge.

Filamu hii ina uzuri wa namna yake. Ina vichochoro vyetu, taa ya kandili inayowaka kwenye uso wa mtu, na kimya kingi. Penye ukurasa mzima wa maneno katika kitabu, mwongozaji ameweka mkono mmoja unaosita mlangoni. Waliokisoma kitabu watalalamika kwamba vicheko vya Mwajuma ni vichache na kwamba harakati za mtaani zimepunguzwa. Ni kweli zimepunguzwa, na riwaya nene haiingii yote katika muda wa saa moja na nusu. Ushauri wetu ni kuitazama filamu kwanza na kukisoma kitabu baadaye. Aliyeanza na kitabu hukaa akihesabu yaliyoachwa. Aliyeanza na filamu atafungua kitabu na kukuta nyumba anayoijua imeongezwa vyumba.

Lakini mtu ataitazama wapi? Hapa ndipo penye uchungu. Filamu iliyopigwa katika mitaa yetu ilipelekwa mwaka 2022 kugombea tuzo ya Oscar kwa niaba ya Tanzania, ilhali mwananchi wa Kojani hakupata kuiona hata kwenye shuka iliyotandazwa ukutani. Na visiwa hivi si vigeni kwa sinema. Pale Vuga jumba la kwanza lilifunguliwa mwaka 1921, likaungua, likajengwa upya mwaka 1955 kwa jina la Majestic. Malindi palikuwa na Empire, na Sultana ambayo baada ya Mapinduzi ilipewa jina la Cine Afrique. Wazee wetu waliziona humo filamu za Misri na za Bara Hindi; wapo ambao mpaka leo wakitajiwa *Awaara*, ile ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, huanza kuimba kabla hujamaliza neno. Alasiri ziliwekwa za wanawake peke yao, na sikukuu za Idi tikiti zilikuwa hazipatikani. Majumba yote matatu yaliacha kazi hiyo, moja baada ya jingine, na mengine yakageuzwa maduka. Hata kwa upande wa televisheni tulitangulia: ya hapa Zanzibar ilianza mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi, na Bara walikuja kuipata mwaka 1994. Kwa hiyo tunapoomba wananchi waonyeshwe filamu yao, hatuombi jambo jipya. Tunaomba kurudishiwa mazoea tuliyokuwa nayo.

Tamasha la filamu la nchi za jahazi, lililoanza kuonyesha filamu mwaka 1998, limefanya kazi kubwa ndani ya Ngome Kongwe, na miaka mingine limezifikisha filamu hata mashamba. Lakini tamasha ni siku chache, na mwaka una wiki hamsini na mbili. Projekta moja, spika mbili, jenereta ndogo na shuka nyeupe vinaingia ndani ya gari moja la serikali, tena vinabaki na nafasi ya dereva kulala.

Tumefika kwenye kifaa cha mchoraji, na hapa tunamwomba msomaji atuvumilie, kwani jambo hili lina mengi na aghalabu halizungumzwi.

Kifaa chetu cha mwezi ni kitambaa cha marekani. Mabibi zetu walikijua kwa sanda, kwa matanga na kwa nguo za kazi, na jina lake lenyewe ni historia. Katika karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari katika Massachusetts, walikileta kwa wingi mno hapa Unguja, wakaondoka na pembe, sandarusi na karafuu. Mkataba wa biashara baina ya Seyyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na balozi wao mdogo akafika mwaka 1837. Nguo iliyovaliwa kutoka pwani hadi maziwa makuu ikachukua jina la nchi ilikotoka. Yusuf wa kitabu chetu cha mwezi alisafiri nyuma ya wapagazi waliobeba marobota kama hayo. Leo kitambaa hicho, au ndugu yake, pamba nene isiyotiwa rangi, hupatikana madukani kwa bei ambayo mwalimu anaweza kuimudu, ilhali turubai la wachoraji linaloagizwa kutoka nje ni ghali na huuzwa mahali pachache.

Namna ya kukitayarisha ni hii. Kitambaa kifuliwe kwanza kwa maji ya moto ili kanji iliyotiwa kiwandani itoke na nguo ijikunyate yote inayotaka kujikunyata. Kikikauka kiwambwe juu ya fremu ya mbao, kama unavyowamba ngozi ya ngoma: anzia katikati ya kila upande, kisha nenda pembeni, na misumari iwe ya shaba au ya chuma kisichoota kutu, maana hewa yetu ya chumvi huila misumari ya kawaida, na baada ya mwaka mmoja kutu hutoka mbele ya picha kama doa la ugonjwa. Halafu paka gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, uache ikauke. Juu yake paka rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani, mara mbili, na baina ya mara ya kwanza na ya pili piga msasa laini. Hapo unalo turubai. Turubai kama hilo si la kudumu karne tatu katika jumba la makumbusho, lakini linatosha kumfundisha mwanafunzi na linatosha kuuzika.

Juu ya hilo mtu anaweza kutumia rangi za akriliki, ambazo huchanganywa kwa maji, au rangi za mafuta, ambazo hulainishwa kwa mafuta ya kitani na tapetini. Ziko sheria mbili ambazo vijana wengi wanaouza picha mitaani hawakufundishwa. Ya kwanza, rangi ya mafuta yaweza kupakwa juu ya akriliki, lakini akriliki haipakwi juu ya mafuta. Haishiki, na siku moja itabanduka kama ngozi ya nyoka. Ya pili inahusu masika. Miezi hii hewa imejaa maji, rangi hukawia kukauka, na picha iliyokunjwa mapema ili mgeni aitie mkobani hujigandisha yenyewe. Ngojea. Na picha iliyotundikwa ukutani iwekewe vipande vya kizibo nyuma ya pembe zake, ili hewa ipite baina yake na ukuta, kwani kuvu huanzia huko nyuma ambako jicho halifiki.

Watu watatuambia kwamba Edward Saidi Tingatinga hakuhitaji turubai wala akriliki. Ni kweli. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vibao vya mraba vya ubao mwembamba uliobanwa kwa mashine, wa namna ile ya kupigia dari, na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alitumia vilivyokuwa mkononi mwake, na katika miaka minne tu, kabla ya kuuawa kwa risasi ya polisi aliyemdhania mwingine mwaka 1972, alianzisha namna ya uchoraji ambayo dunia nzima huitambua. Tunamheshimu. Hata hivyo tunawaambia wanaofuata njia yake visiwani kwamba ubao ule hunywa maji na kuvimba kwenye kingo. Basi ukingo na mgongo wake upakwe rangi pia kabla ya kuanza uso. Na jambo kubwa zaidi: rangi za kung'aa za mafuta zinazopakwa milango, khasa za manjano na nyekundu, katika nchi nyingi zilipopimwa zilikutwa na madini ya risasi. Madini hayo huharibu ubongo wa mtoto, tena bila dalili za haraka. Mtu mzima achague mwenyewe. Mtoto wa skuli asipewe kabisa.

Onyo jingine, fupi. Piko nyeusi inayopakwa wageni kwenye fukwe, na siku hizi hata maharusi, mara nyingi si hina bali ni dawa ya kutia nywele rangi iliyochanganywa. Huchoma ngozi, huacha makovu, na aliyeunguzwa mara moja huweza kudhurika kila aiguse tena. Hina safi ina rangi ya udongo mwekundu na haiwi nyeusi kwa nusu saa. Bibi zetu walilijua hilo, na uzuri wao haukupungua.

Basi mtoto apewe nini? Apewe vitu ambavyo visiwa hivi havijapata kuvikosa. Mkaa wa kuchorea hutengenezwa kwa vijiti vyembamba vilivyokauka, vikatiwa ndani ya kopo lenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, na kopo likawekwa jikoni mpaka moshi ukome kutoka. Likipoa kabisa ndipo lifunguliwe, si kabla. Wino wa masizi na gundi ya mti ni ule waliouandikia masheikh, na waandishi wa Siyu, kule Pate, waliandika na kupamba misahafu yao kwa nyeusi, nyekundu na manjano. Sisi tuliopitia chuoni tunajua kwamba kalamu ya mwanzi ikichongwa vizuri huandika mstari mwembamba na mnene kwa mkono mmoja bila kubadilishwa, na hakuna kalamu ya dukani kwa bei hiyo inayofanya kazi hiyo. Jikoni mna manjano. Ikorogwe kwa maji na gundi kidogo, itoe rangi inayopendeza, ingawa jua huifukuza upesi. Kisha mwalimu achukue chokaa, ile iliwayo pamoja na tambuu, atie chembe ndogo tu ndani ya manjano yale mbele ya wanafunzi, akiwaonya wasiiguse machoni. Manjano yatageuka mekundu papo hapo. Hiyo ni sanaa na kemia katika sahani moja, na gharama yake haifiki nauli ya daladala.

Tukirudi kwa ndugu zetu viongozi, haja yetu mwezi huu si kubwa, na tunaitaja waziwazi ili isipotee. *Peponi* na *Nyota ya Rehema* zinunuliwe nakala za kutosha, ziwekwe Maktaba Kuu pale Maisara na kule Chake Chake, na sanduku moja la vitabu lipande mashua kwenda Tumbatu, Uzi, Kojani na Kisiwa Panza, likae mwezi mmoja kila mahali kisha lihamie kwengine. Tumbatu hiyo ndiyo iliyomzaa Haji Gora Haji, mvuvi na mshairi, aliyefariki mwaka 2021 akiwa ametuachia *Kimbunga*. Itakuwa ajabu ikiwa mtoto wa Tumbatu atalisikia jina hilo kwa wageni kabla ya kuyaona maandishi yake. Wenye haki ya *Vuta N'kuvute* waombwe ruhusa, kwa barua rasmi na kwa malipo yao, filamu ionyeshwe viwanjani Unguja na Pemba mara masika yatakapokwisha na uwanja kukauka. Na katika bajeti ya kila skuli ya msingi pawekwe fungu dogo lenye jina lake wenyewe la karatasi na rangi, lisijifiche ndani ya fungu la "mengineyo", kwani tunajua sote hatima ya "mengineyo".

Tunawaomba pia jambo lisilohitaji fedha hata senti moja. Kila mkuu wa idara aandike kwa mkono wake jina la kitabu anachokisoma mwezi huu, akibandike mlangoni mwake. Asiyesoma kitu aache karatasi tupu. Wananchi wanaongojea kwenye benchi watapata la kuzungumza, na huenda mmoja wao akawa amekisoma kitabu hicho kabla ya bwana mkubwa.

Mwezi ujao tutataja *Kuli*, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1979 juu ya wachukuzi wa bandarini na mgomo wa mwaka 1948, pamoja na filamu ya mwaka 2006 juu ya maisha ya Bi Kidude. Kwa upande wa vifaa tunataka kuandika juu ya rangi za unga zinazochemshwa pamoja na ukindu wa mikeka, na tunawaomba akina mama wa mashamba wanaoijua kazi hiyo watuletee vipande vyao, vilivyokoza na vilivyopauka, wakitueleza ni siku ngapi vilikaa juani. Wanaotaka kupendekeza kitabu au filamu waandike jina, mtungaji na sababu yao kwa mistari isiyozidi kumi, wapeleke ofisini kwetu kabla ya tarehe 20. Vipande vya ukindu vifungwe kwenye karatasi kavu, si kwenye mifuko ya nailoni.